Watoto wa Krismasi

Ijumaa, 5 Desemba
Saa nne. Niko ofisini na daftari la uandikishaji wa darasa la kwanza. Wameandikwa sita. Leo hakuja mtu. Nimefagia ofisi mara mbili. Afisa elimu kata ameshasema: tusipofikisha ishirini Januari, darasa halifunguliwi, na shule itaunganishwa na ile ya ng'ambo ya korongo. Nimefundisha hapa Kirua miaka thelathini na moja, minane nikiwa mwalimu mkuu. Sikubali ifie mikononi mwangu.

Alhamisi, 25 Desemba
Kanisa limefurika. Magari ya Dar yameegeshwa hadi kwenye migomba. Watoto kila kona, viatu vinawaka taa. Padri anahubiri, mimi nahesabu. Wa umri wa darasa la kwanza wanazidi thelathini. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 27 Desemba
Nimepita nyumba kwa nyumba. Mageti yako wazi, mara moja kwa mwaka. Nimewaomba wazazi waliotoka mjini wawaache watoto kwa bibi zao wasome hapa. Hakuna aliyekataa. Wamenikatia nyama, wamenimiminia pombe ya mbege, wakasema hilo, mwalimu, tutalitazama. Nimeandika majina ishirini na nane, nikampigia afisa. Nimemwambia darasa lipo, na orodha nimemtumia.

Jumapili, 4 Januari
Wameondoka. Kufuli kila geti. Wa mwisho kuaga ni binti yangu Upendo, anayeishi Pasua, Moshi mjini, na mwanawe Glory wa miaka sita. Nikamwomba aniachie Glory. Jina lake nilishaliandika, la kwanza kwenye ile orodha. Akasema Glory amepata nafasi shule ya Kiingereza mjini, basi linampitia mlangoni. Nikawaka. Nikamwambia shule anayoidharau ndiyo iliyomlisha. Akaniangalia kwa upole. Huo upole ndio ulionikera.
"Mama, mimi ulinipeleka bweni Moshi. Hapa hukunileta hata siku moja."
Nimempa mkungu wa ndizi, wakaondoka.

Jumanne, 13 Januari
Shule imefunguliwa. Darasa la kwanza: saba. Sita wale wale na mjukuu wa jirani yangu Mama Eliasi. Afisa amekuja na orodha yangu. Ameita majina yote ishirini na nane, polepole, mbele ya walimu wangu. Moja tu limeitikiwa. Mengine nimesema hayupo, hayupo, mpaka la mwisho. Nimeumbuka. Namchukia yule bwana, na hajakosea popote.

Ijumaa, 16 Januari
Barua imefika. Darasa la kwanza linahamia ng'ambo Jumatatu, wengine baada ya likizo ya Juni. Mmoja wa wenye mageti amepiga simu kutoka Dar. Anasema tumeua shule ya baba yake. Wanawe wanne, hakuna aliyewahi kukalia dawati letu. Nimemkatia simu.

Jumatatu, 19 Januari
Nimewavusha korongo mwenyewe, wote saba. Matope tupu. Mjukuu wa Mama Eliasi hakuniachia mkono mpaka mlangoni. Akauliza kama nitakuja kuwachukua. Nikasema nitakuja.
Nimerudi kupanga makabati. Nikatoa daftari la mwaka ule Upendo alipotimiza miaka saba. Majina themanini na mawili, mwandiko wangu, wino wa bluu. Watoto wa wakulima, wa katekista, wa mwenye duka. Nimeyasoma yote, kisha nimeyarudia. Lake halimo.
Saa sita nimefunga ofisi, nimeshuka korongoni kuwachukua watoto.