Serikali Inahesabu Viti

Shoga yangu Zuwena,

Leo nimekufuta kwenye orodha ya wafanyakazi. Usinune. Nilitakiwa nifanye hivyo wiki ile ile tuliyokuzika, nikachelewa miezi mitatu, na kuchelewa huko ndiko kunakonifanya nishindwe kukaa kitako. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Nianze na habari za ofisini, maana ulikuwa ukizidai hata ulipolazwa. Yale makabati ya chuma yameondoshwa. Kadi zote za wafanyakazi wa idara, ulizoziandika kwa mkono wako miaka yote ile, zimeingizwa kwenye kompyuta. Wameletwa washauri pia, vijana wa tai nyembamba, watufundishe kubonyeza. Mmoja kaniuliza kama nimewahi kutumia mashine. Nikamwambia mie nimefundishwa kazi na Zuwena wa Pemba, mashine ni nini? Wiki hiyo hiyo tukaambiwa matumizi yabanwe, serikali ya Waingereza hawa haina pesa. Za washauri zipo lakini! Ungeyasema wewe hayo, tena kwa sauti, na mkuu wetu Bwana Colin angejifanya hakusikia.

Kwenye kiti chako ameletwa Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kuitwa wiki hii na kuachwa wiki ijayo. Miaka mingi alikuwa akisafisha maofisi, akasoma jioni mpaka akajua kuchapa. Ana watoto watatu. Mpole, lakini faili halimpotei. Alichokitaka ni kimoja tu, kiti hicho kiwe chake kwa barua, asiamke kila Jumatatu akingojea simu. Nikimuuliza hali husema, "Miye niko nangoja tu, dada."

Sasa nisikilize. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Ulinimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yako, ukaniambia, "Serikali haihesabu watu, shoga, inahesabu viti. Mtu akiondoka, shikilia kiti." Basi ulipoondoka wewe nilishikilia. Fomu ya kuacha kazi inataka sababu: kaacha mwenyewe, kastaafu, kafukuzwa, kafariki. Niliifungua, nikaifunga. Nilikuosha kwa mikono yangu hii, Zuwena, nikakuvisha sanda, wala sikutetemeka. Lakini neno lile kulibonyeza, wallahi nilishindwa. Nikakuandika mgonjwa. Wenzetu wa mishahara wa ghorofa ya chini walishausimamisha mshahara wako, mashine yao na yetu hazisemezani, kwa hiyo nikajidanganya kwamba sijaiba kitu, namwekea Mama Neema nafasi tu.

Kumbe mashine haina subira wala haya. Mgonjwa akizidisha muda, inamwandikia yenyewe. Barua ikaenda nyumbani kwako Walthamstow, ikamkuta Salma wako. Akanipigia simu na Kiingereza chake kile cha mbio, anauliza kwa nini mama yake anaitwa ofisini akaeleze sababu za kutofika kazini. Halafu yule yule mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili siku nzima hakujibu hata neno, akaniambia kwa Kiswahili, "Anti, kwa dakika moja nilifurahi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapanda treni mpaka mwisho wa njia, nikapita sokoni sisalimiani na mtu, nikamwomba radhi pale pale mlangoni, viatu miguuni. Akanisamehe. Mie sijajisamehe.

Asubuhi nikamwambia Bwana Colin kila kitu. Akavua miwani. Hakunifokea, na bora angefoka. Akanionyesha waraka wa kubana matumizi, ambao niliuweka kwenye faili mwenyewe bila ya kuusoma mpaka chini. Nafasi ya mtu aliyefariki inaruhusiwa kujazwa ndani ya siku sitini, zikipita, inafutwa. Umenielewa, shoga? Ningekuandika siku ile ile, Mama Neema leo angekuwa na barua yake mkononi. Mie niliyekuwa nikimwekea ndiye niliyemnyima.

Laiti ungekuwepo unitukane. Ulikuwa ukijua kunitukana mpaka akili inanirudi.

Siku mbili nilizunguka humu ndani, kila nikikaa nainuka. Siku ya tatu nikarudi kwa Colin na maneno yako yale yale. Kama serikali inahesabu viti, basi haihesabu makalio. Kiti changu kigaweni: mie Jumatatu mpaka Jumatano, Mama Neema Alhamisi na Ijumaa, kwa barua, mfanyakazi wa kudumu. Akaiangalia mashine yake wee, akaona kiti ni kimoja, hakuna kilichoongezeka. Akatia saini. Na mie nikapewa barua ya onyo, ambayo ni haki yangu. Mama Neema alipoambiwa nilidhani atamshukuru Mungu kama kawaida yake. Akaniangalia, akauliza kwanza, "Na weye utakula nini?"

Siku mbili si kazi kamili, najua, na yeye anajua. Hizo nyingine bado anangojea simu.

Ndipo nikafungua fomu yako. Mama Neema akasimama nyuma yangu, kanishika bega. Nikabonyeza lile neno. Mashine ikaniuliza: Una uhakika? Hebu fikiria! Miezi mitatu watu wananipa pole, hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo. Nikalia, shoga, nikalia kwa sauti, na ofisi nzima ya Waingereza inaangalia ndani ya vikombe vyao. Nikabonyeza ndiyo.

Pumzika sasa, hawatakuita tena kazini. Na siku zangu mbili hizi sizilali. Kila Alhamisi nitakuwa Walthamstow, nimpikie Salma ndizi mbichi kwa nazi kama ulivyokuwa ukipika, nimsemeshe Kiswahili, ajibu atakavyo. Siku mtu akiniuliza Zuwena yuko wapi, nitamwambia amekufa. Nimeshajifunza kulisema.

Shoga yako,
Rukia