Koki ya Dizeli

Savusavu, 14 Novemba

Kaka Apenisa,

Hatujambo. Shangazi Vani bado anauliza utaoa lini.

Injini ya mashua ya Baba imenitesa wiki nzima. Kimbunga kikitangazwa lazima tuifiche kwenye mikoko, na kile kijito hakipitiki kwa tanga. Kila nikiijaribu inanguruma vizuri, kisha inazima. Nilibadilisha chujio, nikatoa hewa kwenye mabomba, ikazima tena. Baba akanicheka: "Shule yote ile, binti, na chuma kizee kinakushinda?"

Jana nilipekua shajara yangu. Tarehe 9, 11 na 12, injini ilizima dakika chache baada ya Baba kushuka kwenye chumba cha chini ya sitaha. Leo nilimfuata. Tukiwa katikati ya ghuba alipiga magoti, akafunga koki ya dizeli, ile inayopitisha mafuta kwenda kwenye injini, kama afanyavyo siku zote tukishatia nanga.

"Baba, mbona unafunga?"

"Si tumefika, Litia? Mwambie mama yako afungashe vitu."

Mama tulimzika miaka sita iliyopita.

Nilifungua koki, nikamwambia tatizo ni uchafu kwenye tangi. Akafurahi sana. "Si nilikwambia!"

Kaka, hawezi tena kuishi peke yake kwenye mashua. Tafuta tiketi uje umshushe wewe. Mimi nikijaribu, ataniuliza amekosa nini, nami nitasema tena ni uchafu wa tangi.

Dada yako anayekungoja,
Litia