Mawe Ndani ya Konsolata

Jumatatu, 22 Aprili 1963

Nashona tanga tangu asubuhi. Vidole vinawaka. Kiraka cha mwisho nimekikata kwenye gunia la unga, maandishi yake yatatembea nasi ziwani. Mama Koleta, mama mkwe wangu, amekanyaga kitambaa kwa miguu yenye tope. Ati hakuona. Tanga limejaa chumba kizima, yeye hakuona.

Tuko kwake tangu Novemba. Nyumba nzuri, ina bati. Siipendi. Nyumba yangu iko chini ya maji.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Kushona haiwezekani, chumba kina giza. Naandika ili nisigombane na mtu.

Konsolata ni mashua aliyoniachia baba. Mimi na Pio tumeishi ndani yake tangu tufunge ndoa. Kijumba cha mikeka nyuma, sanduku la mchanga la kuwashia moto, mizigo katikati. Tunaleta chumvi na vitambaa kutoka Kigoma, tunapeleka unga na mawese. Mama Koleta husema wengine wana watoto, sisi tuna mashua. Asemavyo ni kweli, ndiyo maana inauma.

Novemba dhoruba ilitukamata tukitoka Mpala. Wimbi likamchukua Simeoni, mdogo wake Pio, mvuta kamba wetu wa tanga. Tulimtafuta mpaka sauti zikatukauka. Mwili haukuonekana. Mbao za ubavu wa kushoto zikapasuka, tukafika Kalemie tukichota maji njia nzima.

Fundi ametia mbao mpya. Kalafati mpya ya pamba kwenye nyufa, lami mpya. Kisha tukafanya kama kila mwaka: tukaisukuma mpaka maji ya kifua, tukaweka mawe sakafuni, tukaizamisha. Mbao zilizokaa juani zinakunywa, zinavimba, nyufa zinajifunga zenyewe. Juma moja linatosha. Tuliizamisha kabla ya Pasaka. Pio anasema bado.

Ijumaa, 26 Aprili

Ziwa linapanda. Si kama miaka mingine. Upande wa mto Lukuga wavuvi wamehama na milango yao kichwani. Mti tuliousimika kando ya Konsolata umebaki mfupi kama mtu aliyepiga magoti. Maji yakipanda zaidi hatutaweza kuiinua tena. Nimemwambia Pio.

"Mbao mupya inakawia kunywa," akasema, akageukia ukuta.

Imeshiba hiyo! Hata kiboko angekuwa ameshiba. Kila alfajiri anaondoka mapema kwenda kuiangalia, kisha anapitiliza kwenye kibarua chake cha relwe, kutengeneza njia ya treni. Kibarua cha muda tu, alisema. Upepo wa kusini umeanza kuja asubuhi. Wenzetu wanapakia. Mimi nashona.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya misa Mama Koleta amewatangazia watu wote mlangoni pa kanisa kwamba mwanawe atapewa nyumba ya relwe. Ya matofali. Mimi nasikia pamoja na majirani. Pio anatazama viatu vyake.

"Ile mashua imekula mumoja," akasema mama yake. "Inatosha."

Nimetembea mbele peke yangu mpaka nyumbani. Nina hasira na yeye, na nina hasira na Pio zaidi. Baadaye nikamkuta mama yake jikoni amekaa na shati la Simeoni mapajani, analikunja na kulikunjua. Nikatoka. Huyu mama amefiwa, najua. Lakini ile mashua ni nyumba yangu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda mwenyewe.

Maji yanafika shingoni sasa. Nikaitafuta Konsolata kwa miguu, nikashuka ndani taratibu. Nilitaka tu kugusa ubavu wa kushoto, nijue kama nyufa zimefunga. Sikufika kwenye sakafu. Sikuona sakafu. Nimekanyaga mawe. Mawe mpaka kwenye ubao wa kukalia. Sisi tuliweka ya kuilaza tu, mtu angeweza kupita katikati yake.

Nikapiga mbizi, nikatoa moja. Jeusi, lina kingo kali, limenikata kiganja. Si la ziwani.

Nikajua ni nani. Nikapanda mpaka kwa Mama Koleta na nguo zangu zikichuruzika, jiwe mkononi, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyameza tangu Novemba. Kwamba ananizikia nyumba. Kwamba angesema tu, kuliko kwenda kwa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi?" akasema. "Na huu mugongo?"

Akalichukua jiwe, akaligeuza. Akasema mawe ya namna hiyo yanalala chini ya reli.

Tukatazamana. Sijui nani alikaa chini kwanza.

Alhamisi, 2 Mei

Jana, sikukuu ya wafanyakazi, Pio alikuwa nyumbani siku nzima. Wanawake wawili tunazungukazunguka sufuria. Leo nimeliweka jiwe mezani kando ya sahani yake.

"Njo mimi," akasema. Ni yeye, hakubisha hata kidogo.

Kila alfajiri alikuwa analeta mfuko mmoja. Hakupanga, asema. Siku ya kwanza alitaka mashua isitikisike na mawimbi. Siku ya pili akaongeza. Kisha ikawa akipita bila kuweka jiwe hawezi kufanya kazi.

"Kurudi pale siwezi. Kuiuza siwezi. Nifanye je?"

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Zimeniishia. Simeoni hana kaburi. Tulisomesha misa, tukala, watu wakaenda zao. Mama yake hana mahali pa kung'oa majani. Na mume wangu amekuwa akimjengea kaburi huko majini, ndani ya kitanda chetu.

Mama Koleta alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Amekwenda kulala bila kusali kwa sauti, na hiyo haijawahi kutokea.

Jumamosi, 4 Mei

Asubuhi sikumkuta Mama Koleta nyumbani. Nimemkuta ziwani. Kitenge kimefungwa juu ya matiti, maji ya shingo, uso umeinuliwa kama kuku anayekunywa. Ana jiwe mikononi. Yeye, aliyesema Konsolata imekula mmoja na inatosha.

Nikamwambia, Mama, tokeni, mutakufa na baridi.

"Mutoto wangu hatalala kwenye maji," akasema. "Kaburi yake itakuwa pahali naweza kukaa."

Nikaingia. Mimi nazama, natoa, yeye anapokea na kuvuta mpaka ufukweni. Akaiweka safu ya kwanza juu, mahali ziwa halitafika, kwenye majani makavu. Wanawake wanaoanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, wakatutazama kwanza kama vichaa. Kisha wakaja, mmoja baada ya mwingine. Hawakuuliza. Jiwe likawa linapita mkono kwa mkono.

Pio amefika mchana na nguo za kazi. Amesimama mbali sana. Mama yake hakumwita. Mimi nilitaka kumwita, nikauma mdomo. Alipoingia majini aliingia na viatu.

Mawe yalipokuwa karibu kwisha mashua ikajitikisa chini ya miguu yangu. Ukingo ukatoka nje ya maji, una matope na konokono. Nikalia vibaya, mbele ya watu wote. Mama Koleta hakulia. Alikuwa anapanga mawe kwa urefu wa mtu.

Jumanne, 7 Mei

Tunachota maji. Ubavu wa kushoto haupitishi hata tone, fundi apewe pombe. Nyuma panavuja kidogo. Lami imebanduka mahali mawe yalipokwaruza, nimepaka tena. Mikeka imeoza, nasuka mingine.

Pio anafanya kazi vizuri mashua ikiwa imefungwa. Nikisema habari ya kutweka tanga, anakumbuka kitu nyumbani. Sitamsukuma. Nasema hivyo, lakini jana nilimsukuma.

Relwe wanataka jibu lake kuhusu nyumba. Hajawajibu.

Jumatatu, 13 Mei

Tumeondoka. Si Kigoma. Mpala tu, tukifuata ukingo wa nchi kavu, na tukirudi ataamua. Ndivyo tulivyopatana.

Mama Koleta hakuja kutuaga. Alikuwa amekaa kando ya mawe yake, anang'oa majani, akainua mkono bila kugeuka. Nikaona inatosha.

Upepo mzuri, si mkali. Pio ameshika usukani, uso wake wa kijivu, jasho linamtoka na jua halijapanda. Tulipopita vyombo vya mwisho vilivyofungwa, akaita kwa sauti kubwa, sauti ya kazi ambayo sijaisikia tangu mwaka jana:

"Simeoni, vuta!"

Hakusema amekosea. Hakunitazama. Niliacha chungu, nikaenda mbele, nikashika kamba ya tanga mahali pa Simeoni, nikavuta.