Kwa Mtani Aliyenichora Kiboko

Mtani wangu Kibwana,

Wewe umelala zako, mimi huku Bigwa sina pa kuuweka uso wangu. Jana tumekuzika, na nimetia aibu.

Unakumbuka asubuhi ya arusi yangu? Nilitoka nje nikakuta umenichora kwenye ukuta wa mama: kiboko wa udongo mwekundu, hereni masikioni, mdomoni kabana mkungu mzima wa ndizi. Wageni hoi kwa kicheko. Nikafoka, "Mshenzi we, nifute!" Ukanijibu, "Mtani hafutwi. Kama unaweza, nichore na mimi." Nikasema nitakuchora siku utakayokufa. Ukoo wako na wangu wote walisikia.

Hukumhurumia yeyote, wewe. Gari la moshi lilipofika Morogoro, ukalichora jongoo mwenye masikio ya punda. Ukachora na fisi mwenye masharubu yaliyopinda juu, askari wa Mdachi akauliza ni nani. "Fisi wa kwetu milimani, bwana, ndivyo walivyo." Mimi nyuma yako, mbavu zinaniuma kwa kuzuia kicheko.

Basi jana, wanaume waliporudi kutoka makaburini, wote wakanigeukia. Kazi ya mtani msibani inajulikana: kumtania marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nikafungua mdomo, nikalia. Mtani mzima! Mkeo, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyenibembeleza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaona heri nitimize ahadi. Nikachukua masizi ya chungu, nikaenda kwenye ukuta wa nyumba yako, nikakuchora kinyonga, maana macho yako hayakutulia hata siku moja. Nilipomaliza, shangazi yako akasogea, akatazama weee, akauliza, "Huu ni muhogo?"

Kibwana, watu walicheka! Mkeo alicheka huku machozi yanamtoka, kaniki yake kaibana kwa meno. Lakini walinicheka mimi, si wewe. Hata kwenye msiba wako, aliyechekwa ni mimi.

Leo alfajiri nimekwenda na kitambaa kibichi nikaufute. Mkeo kasimama mlangoni, kanizuia. "Mtani hafutwi," kasema.

Basi uko pale, muhogo, pembeni ya yule simba mwenye mbawa uliyemchora mwenyewe. Kila apitaye anauliza nani kauchora, na wanamwambia.

Pumzika, ndugu yangu. Na usinicheke sana huko uliko.

Mtani wako,
Kiboko mwenye hereni