Giza la Masaa Matatu

Jumamosi, 24 Mei 2025
Mawingu yameondoka Sanje. Wiki tatu nimeyasubiri yaondoke, nikinuna. Nimeweka darubini uani, kamera nyuma yake, nikaelekeza kwenye lile kundi la galaksi ninaloliwinda tangu nistaafu maabara Ifakara. Picha arobaini. Zote zimeharibika — taa ya sola ya jirani yangu Aurelia. Analinda mpunga wake dhidi ya tembo kutoka juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, na taa inawaka hadi alfajiri. Utadhani tembo wanasoma gazeti.

Jumapili, 25 Mei
Baada ya misa nimemwomba azime Jumanne, masaa matatu tu, mwezi ukiwa haupo. Akauliza napiga picha gani. Nikamweleza: kila doa ni nyota mabilioni, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni mia tatu. Akacheka. Akasema mgeni aliyetoka mbali hivyo hafungiwi mlango. Atazima.

Jumanne, 27 Mei
Giza! Picha mia moja na sitini, safi kabisa. Furaha ya kitoto. Saa nne hivi nilisikia mabua yakivunjika upande wake, naye akipiga debe. Nikadhani nguruwe pori. Sikuinuka. Kamera ilikuwa bado inapiga.

Jumatano, 28 Mei
Tembo. Watano, kwa nyayo. Nusu ya shamba imekwenda, na zilibaki siku tisa avune. Ndicho chakula chake cha mwaka. Mwenyewe mzima, hakushuka kwenye dungu.

Mwenyekiti wa kitongoji alimuuliza mbele ya watu taa ilikuwa wapi. Mimi nimesimama palepale. Akasema betri ilikufa. Hakunitazama. Nami nikanyamaza, mtu mzima na mvi zangu. Naona aibu. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 29 Mei
Nimeziunganisha picha zote kwenye kompyuta. Imetoka. Galaksi zaidi ya mia mbili, hafifu lakini zipo. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi maishani, na sina wa kumwonyesha.

Jioni Aurelia kapita na mundu wake. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kama picha ilitoka. Nikaona nikisema ndiyo, itakuwa namwambia nilichokipata kwa mpunga wake. Nikasema haikutoka, kulikuwa na ukungu. Uongo mtupu.

Akasema pole, Baba Beno. Basi leo atazima tena, nijaribu kabla mwezi haujawa mkubwa. Ule upande uliobaki ataulinda kwa masikio.

Nilipaswa kumwambia palepale. Nikasema asante.

Saa mbili na dakika tano. Nimeinua kichwa kutoka kwenye daftari — dungu lake ni giza tupu. Nimemwita kutoka dirishani awashe, mara mbili. Hajaitika. Viatu niliviweka wapi