Habari za Popo Wako, Papa

Nyumbani, chini ya mlima Lokon

Kwako Papa, baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko Bitung. Natumaini lile bega lililokuwa likikusumbua limepoa, na kwamba jodari wanapatikana. Mimi mwili haujambo kwa neema ya Mungu. Moyo ndio mgonjwa. Nisamehe kuchelewa kukujibu. Umeniuliza mara tatu kuhusu popo, na kila nikishika kalamu naishia kuandika tarehe tu.

Wiki ile uliyowafungulia kizimba ukaondoka, waliruka vizuri. Jioni walipita mbele ya kanisa, na jirani yetu Om Welly akawa ananitania kwamba watoto wa baba yangu wamekua, sasa watafutiwe wachumba. Nilicheka. Walikula makuyu ya msituni kama waliokuwa wamenyimwa. Kisha wakaanza kuharisha. Niliwaokota chini ya miti, matumbo yamejaa lakini mbavu zinahesabika. Nikawarudisha kizimbani, nikawapa maji kwa bomba la sindano kama ulivyonifundisha. Walikufa mmoja mmoja, Papa. Bongso, yule mwenye bawa lililoumia, alifia kiganjani mwangu.

Daktari wa wanyama alikuja kutoka Manado, akachukua kinyesi chao na cha popo wa msituni, akavipima. Alinieleza taratibu, akiniita mdogo wangu, kwamba tumboni mwa popo kuna bakteria wanaomsaidia kusaga chakula, na bakteria hao hubadilika kufuatana na anachokula. Wetu walilelewa kwa papai, ndizi laini na maziwa, matumbo yao yakazoea hayo. Chakula cha msituni kikawashinda. Alisema hawezi kuapa kwamba ni hilo tu, ila ingefaa wazoeshwe kidogo kidogo kabla ya kuachiwa. Nilimwambia kuwa uliwanunua sokoni wakiwa vichanga ili wasipikwe, ukawalisha kuliko ulivyojilisha mwenyewe. Akasema anajua, ndiyo maana inauma.

Aliyebaki ni Sela peke yake. Kinyesi chake kilifanana na cha wale wa msituni. Nadhani hujasahau ulivyomfokea Mama ulipomkuta akimtoa Sela kizimbani na kumpeleka kwenye mkuyu wa makaburini, kama alivyokuwa akifanya kila jioni bila wewe kujua. Ulimwambia hana huruma, anataka popo afe apate kitoweo, na mengine nisiyoweza kuyaandika. Mama alikujibu kwamba huyu ni popo, bwana, si mtoto wa mjini, mwache ale vya kwao. Ukawafungulia wote kwa hasira, ukachukua begi lako.

Nilidhani Mama angefurahi kwamba alikuwa sahihi. Hakufurahi. Alichimba mashimo nyuma ya jiko, akawazika kwa mikono yake, akasema laiti angewatoa wote, hata kama ungemfokea kila siku ya Mungu.

Sasa nikwambie lile ninaloliogopa. Barua zako nilikuwa namsomea Mama kwa sauti. Katika ya kwanza uliuliza popo wanakula nini. Katika ya pili, kama bawa la Bongso limepona. Nilipomaliza kumsomea ya tatu, aliniuliza kama ni hayo tu, kama nyuma ya karatasi hakuna kitu. Nikamgeuzia aone. Akaendelea kumenya vitunguu. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Palu kwa dada yake, na ameniambia nisimngoje. Hakuondoka kwa hasira, hasira ningeielewa. Aliniagiza nikujulishe kwamba Sela yu hai, kwa kuwa hilo ndilo utakalouliza.

Ulisema utakuja Krismasi. Njoo, utanikuta mimi. Anwani ya Mama huko Palu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sikuombi kitu, nimeiandika tu.

Om Welly na wote wa kwaya wanakusalimu. Mungu akulinde baharini.

Mimi mwanao akupendaye,
Meidy