Buluu ya Theluji

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Jang'ombe sote wazima; shangazi yako kafungua duka Mlandege na keshaanza kutuamrisha.

Picha uliyoniletea kutoka makumbusho ya huko Oslo nshaitazama. Unauliza kwa nini mchoraji kampaka yule mwanamke buluu shavuni, na theluji nayo buluu, ilhali ngozi na theluji ni nyeupe. Hakukosea.

Nilipokuwa kigori, mama alinambia nisuuze kanzu ya Idi ya baba kwa buluu kidogo ya kufulia, ili ing'ae. Nikajiona najua zaidi: nguo nyeupe itiwe rangi ya nini? Nikaacha. Asubuhi baba alipotoka kuswali na wenzake, kanzu yake ilikuwa manjano kama samli. Hakunigombeza. Aliivua, akaniwekea mkononi pamoja na kidonge cha buluu.

Tangu siku hiyo nguo zote nyeupe za nyumba hii nazitia buluu mwenyewe. Ambayo hatuitii ni sanda peke yake.

Huyo mwanamke wako katiwa buluu; pamoja na baridi yote hiyo, yuko hai.

Bibi yako,
Zuhura